Nguvu ya Akiba katika Ndege Ndogo

Bila shaka umepata kuchezea pia. Ikizunguka kwa kasi husimama wima juu ya ncha yake. Mwendo ukipungua, huyumba, kisha huanguka. Likumbuke jambo hilo.

Katika ndege ndogo mna chombo cha upeo. Ndani yake gurudumu dogo huzunguka kwa kasi sana, nalo hubaki katika mkao wake hata ndege inapoinama. Kwa chombo hicho rubani aliye mawinguni, asiyeona ardhi, hujua kama mabawa yamelala sawa. Mwili wake hauwezi kumwambia. Mwombe mwenzako akufunge kitambaa machoni, akuzungushe mara kumi, kisha akusimamishe ghafla. (Fanyeni jaribio hili penye majani!) Umesimama, lakini wahisi ungali ukizunguka. Majimaji yaliyomo katika sikio la ndani ndiyo yanayokudanganya.

Je, gurudumu lile huzungushwa na nini? Katika ndege nyingi za mtindo wa zamani, pampu iendeshwayo na injini huvuta hewa, na hewa hiyo hulisukuma gurudumu. Chombo kionyeshacho jinsi ndege inavyogeuka huzungushwa kwa umeme. Wahandisi walikusudia hivyo: pampu ikiharibika, umeme ungalipo, umeme ukikatika, pampu ingalipo.

Lakini pampu ikifa, gurudumu halisimami papo hapo. Kama pia yako, hupunguza mwendo taratibu, na chombo huanza kuonyesha uongo kidogo kidogo. Rubani akikiamini, ataiinamisha ndege akidhani anainyoosha. Chombo cha namna hiyo ni cha hatari kuliko kilichozimika kabisa.

Mnamo mwaka 2000, gavana wa jimbo la Missouri huko Marekani, Mel Carnahan, alikufa katika ajali ya ndege ndogo pamoja na mwanawe, aliyekuwa rubani, na msaidizi wake. Ilikuwa usiku, hali ya hewa mbaya, na chombo cha upeo kilichokuwa mbele ya rubani kilikuwa kimeharibika. Cha pili kilikuwapo, lakini upande wa kulia, mbali na macho yake.

Ndege mpya hutumia skrini za umeme. Jenereta iendeshwayo na injini huzilisha skrini na kuijaza betri kuu. Jenereta ikiharibika, injini nyingi za ndege ndogo huendelea kunguruma, kwa kuwa cheche zake hutoka katika magneto, isiyohitaji betri. Skrini ndizo zilizo hatarini. Kwa hiyo baadhi ya ndege, kama Cessna 172 zenye skrini, huwekewa betri ndogo ya akiba iwezayo kuilisha skrini ya rubani kwa dakika 30 hivi. Huo ni muda wa kutafuta mahali pa kutua, si wa kuendelea na safari. Dira ya sumaku haihitaji umeme wala pampu.

Swali: Chombo cha upeo chaonyesha kwamba ndege imeinama kushoto. Chombo cha kugeuka kimetulia, na dira haibadiliki. Ni kipi kilichoharibika? Toa sababu zako.