Ushuru wa Ulaya na Mabasi ya River Road

Mtu asafiriye kutoka Kirinyaga, Embu au Meru kwenda Nairobi mara nyingi hushuka karibu na River Road kabla hajafika penginepo mjini. Barabara hiyo si pana, wala haina majumba ya fahari kama yale ya upande wa juu, lakini biashara yake ni kubwa. Huuzwa humo vipuri, simu, nguo, viatu na vyombo vya kila namna, kwa jumla na kwa rejareja. Na katika njia zinazopakana nayo zimo ofisi za mabasi yaendayo Kampala na Arusha. Mchuuzi wa Uganda aliyefika asubuhi aweza kununua mzigo wake adhuhuri na kuupakia katika basi jioni ile ile. Yeye hutazama bei tu. Huenda hajui ya kuwa mzigo huo umebishaniwa kwa miaka mingi katika mji wa Brussels, Ubelgiji, ambako nchi 27 za Umoja wa Ulaya hukutana kupanga mambo yao, na kwamba mabishano hayo yaliwahi kuwatenganisha majirani wa Afrika Mashariki wenyewe.

Jambo lenyewe ni ushuru wa forodha. Nchi zikiungana kiforodha hujenga ua mmoja kuzizunguka zote. Bidhaa ya kigeni hutozwa kiwango kile kile, ikiingilia Mombasa au Dar es Salaam, na bidhaa iliyotengenezwa ndani ya ua hupita bila kutozwa. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005. Kwa kanuni zake malighafi na mashine huingia bila ushuru, vitu ambavyo havijakamilika hutozwa 10 kwa mia, na bidhaa zilizokamilika 25 kwa mia. Na tangu Julai 2022 kipo kiwango cha 35 kwa mia kwa baadhi ya bidhaa ambazo viwanda vya hapa vyaweza kuzitengeneza. Ua wa namna hii una sharti moja gumu. Asiwepo mwenye nyumba atakayefungua tundu upande wake bila ya wenzake kujua.

Wazee wanaokumbuka Jumuiya ya kwanza, ile iliyoanza mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977, watakumbuka pia kwamba zamani sharti hilo lilishikwa. Kenya, Uganda na Tanzania zilikwenda kwa Wazungu wa Soko la Pamoja zikiwa kitu kimoja. Mapatano ya kwanza yalitiwa sahihi Arusha mwezi wa Julai 1968, lakini hayakupata kutumika. Ya pili yalitiwa sahihi hapo hapo Arusha mwezi wa Septemba 1969, yakaanza kutumika mwaka 1971. Wakati huo Soko la Ulaya lilikuwa na nchi sita tu, na Uingereza haikuwamo. Nchi tatu za hapa, sita za kule, na karatasi moja.

Jumuiya ya sasa ilipozaliwa, tofauti moja ilikuwa imeingia kati ya ndugu. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba nchi zilizo maskini zaidi duniani zitauza kwake kila kitu bila ushuru, isipokuwa silaha. Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilihesabiwa katika kundi hilo. Kenya haikuhesabiwa. Yaani Kenya iliadhibiwa, kwa namna ya kusema, kwa kuwa imetangulia hatua chache. Wenzake walikuwa na mlango wa Ulaya uliofunguliwa wasipotoa chochote. Kenya ilipaswa kununua ufunguo, na bei ya ufunguo ilikuwa kuviondolea ushuru, kidogo kidogo, vitu vingi vitokavyo Ulaya.

Asiyekumbuka tofauti hiyo hataelewa ugomvi uliofuata. Tarehe 1 Oktoba 2014 muda uliowekwa na Ulaya ulikwisha kabla mapatano mapya hayajakamilika, na bidhaa za Kenya zikaanza kutozwa ushuru. Maua ya Naivasha yaliyokuwa yakipelekwa kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, bila kulipiwa kitu, sasa yalilipiwa. Maua ya Uganda na ya Tanzania, yaliyochumwa katika juma lile lile, hayakulipiwa. Hali hiyo ilidumu karibu miezi mitatu. Wajumbe walimaliza mazungumzo yao katikati ya Oktoba, na msamaha ukarudishwa siku ya Krismasi. Miezi mitatu si mingi, lakini ua la waridi halingoji, na wenye mashamba walipata kujua ni mbali kiasi gani wanaweza kuangushwa na karatasi isiyotiwa sahihi.

Basi mapatano yalikuwa tayari, na nchi zote tano zilitazamiwa kuyatia sahihi mwaka 2016. Mwezi wa Juni mwaka huo Waingereza walipiga kura kutoka katika Umoja wa Ulaya. Kura hiyo ilipigwa kwa sababu zao wenyewe, na hakuna shaka kwamba wachache sana miongoni mwao waliufikiria mji wa Arusha. Hata hivyo ilitikisa meza ya huku. Mwezi uliofuata Tanzania ilitangaza kwamba haitatia sahihi. Ilisema Uingereza, mnunuzi mkubwa wa mazao ya Afrika Mashariki, inaondoka, na tena viwanda vichanga vitasongwa na bidhaa za Ulaya. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa miongoni mwa waliopinga waziwazi, na Bunge la Tanzania likaishauri Serikali yake ikatae. Kenya na Rwanda zilitia sahihi Brussels tarehe 1 Septemba 2016. Nchi nyingine zikangoja.

Ni vigumu kusema kwamba upande mmoja ulikuwa na haki yote. Mwenye shamba la maua aliyehesabu hasara mwaka 2014 hakuwa na anasa ya kungoja. Lakini na mwenye kiwanda cha Dar es Salaam hakukosea alipouliza kwa nini afungue soko lake ili kupata kitu ambacho tayari anacho. Kosa, kama lipo, liko katika mpango uliozigawa nchi za ua mmoja katika madaraja mawili na kisha kuzitaka zizungumze kwa sauti moja. Mpango huo haukutengenezwa Nairobi wala Dodoma.

Mwezi wa Februari 2021 Wakuu wa Jumuiya walikubali kwamba nchi iliyo tayari iendelee, na zilizobaki zifuate zitakapoona vyema. Kenya ikaendelea peke yake. Mapatano yake na Umoja wa Ulaya yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, mbele ya Rais William Ruto na Bi. Ursula von der Leyen, mkuu wa Halmashauri ya Ulaya. Bunge la Ulaya liliyaridhia Februari 2024, nayo yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Bidhaa za Kenya huingia Ulaya bila ushuru na bila kuwekewa kiasi. Kenya nayo itaondoa ushuru kwa bidhaa zenye thamani ya karibu 83 kwa mia ya zile inunuazo kutoka Ulaya, polepole, kwa miaka 25; na sehemu kubwa ya hizo haikuwa ikitozwa hata hapo kabla. Nguo, viatu na mazao mengi ya shamba yaliachwa nje, ili kuwalinda mafundi na wakulima.

Hapo yafaa kutazama jinsi Wazungu wenyewe wanavyoishi ndani ya ua wao. Uholanzi hupenda sana biashara ya maua, lakini haiwezi kuagana na Kenya juu ya ushuru wa ua hata moja. Wala Ujerumani, pamoja na nguvu zake zote. Mamlaka hayo yamekabidhiwa Brussels. Wakibishana, na hubishana sana, hubishania ndani ya nyumba, kisha hutoka na neno moja. Kwa hiyo siku ile ya Desemba upande mmoja wa meza palikaa nchi 27, na upande wa pili nchi moja.

Tena ile ruhusa ya mwaka 2021 inaleta kazi mpya mpakani. Ushuru wa chombo fulani cha Ulaya ukishuka Kenya na kubaki kule kule Uganda, ua haulingani tena. Mzigo ukifika Busia au Namanga, afisa wa forodha hana budi kuuliza: kitu hiki kilizaliwa wapi? Kimetengenezwa Kenya, au kimepitia Kenya tu? Mwenye kiwanda kikubwa ana makarani wa kumwandikia vyeti vya asili ya bidhaa. Mchuuzi aliyenunua River Road ana stakabadhi ya duka, na pengine hata hiyo imeloa mvua njiani.

Na mkulima? Ushuru ukiondolewa, bado yapo masharti mengine yatokayo katika mabishano yale yale ya Ulaya. Mwaka 2013 wakulima wa mishiri wa Kirinyaga na Machakos walilijua jambo hili vizuri. Baada ya mabaki ya dawa za kuua wadudu kupita kiasi kilichoruhusiwa, Ulaya iliamuru mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya zipimwe katika shehena 10 kwa kila 100. Gharama za kupima na kuchelewa zilirudi nyuma mpaka kwa mwenye robo eka, na wako walioacha zao hilo kabisa.

Kahawa inangojea zamu yake. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 inakataza kuuzwa huko kahawa, kakao, mbao na mazao mengine kadhaa ikiwa yametoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mnunuzi atatakiwa kuonyesha alama za ramani za shamba lenyewe. Kwa chama cha ushirika chenye maelfu ya wakulima wa miti mia mbili mia tatu kila mmoja, kazi hiyo si ndogo, hata kama hapana hata mmoja aliyekata msitu. Sheria ilikuwa ianze kutumika mwisho wa mwaka 2024. Ikaahirishwa mwaka mmoja, na Desemba 2025 ikaahirishwa tena: wafanyabiashara wakubwa mpaka mwisho wa mwaka 2026, na wadogo mpaka katikati ya mwaka 2027. Miongoni mwa waliotaka ilegezwe ni nchi za Ulaya zenyewe, kama Austria, ambazo wakulima na wakata mbao wao walilalamikia karatasi nyingi. Walisikilizwa, kwa kuwa wana viti katika baraza linaloamua. Vyama vya ushirika vya Nyeri na Murang'a vilipata habari baadaye.

Mapatano ya Kenya yana kifungu kinachoziachia nchi nyingine za Jumuiya mlango wa kuingia. Wakati huo wote, jioni River Road, vijana hufunga mizigo kwa kamba juu ya magari, na karani wa basi huandika katika kitabu chake jina la mwenye mzigo, idadi ya mabunda na mwisho wa safari. Katika kitabu hicho hapana nafasi ya kuandika mahali bidhaa ilipotengenezwa.