Utando wa Seli na Utamu wa Muwa: Prokarioti na Yukarioti katika Mashamba ya Butali

Katika eneo la Butali, Kaunti ya Kakamega, muwa ni tegemeo la jamaa nyingi. Hata hivyo, muwa uliokatwa ukichelewa kusagwa, sukari yake hupungua. Makala haya yanafafanua kiini cha hasara hiyo kwa kuangazia seli za aina mbili zinazokutana ndani ya muwa: seli ya muwa wenyewe, ambayo ni yukarioti, na seli ya bakteria, ambayo ni prokarioti.

Kila seli, ya aina yoyote ile, huzungukwa na utando. Utando huo una unene wa takribani nanomita 7 hadi 10, nao umeundwa kwa tabaka mbili za mafuta yaitwayo fosfolipidi. Mwaka 1972, S. J. Singer na G. L. Nicolson walieleza kwamba protini huelea katika tabaka hizo. Utando, basi, ni mfano wa bawabu: huchagua kinachoingia na kinachotoka.

Tofauti imo katika muundo wa ndani. Istilahi zote mbili zinatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kokwa. Yukarioti ina kokwa, yaani kiini kilichofunikwa kwa utando wake, pamoja na viungo vingine kama vile mitokondria. Katika shina la muwa, sukari huhifadhiwa ndani ya vakuoli, kifuko kikubwa chenye utando wake, na seli nzima hukingwa na ukuta wa selulosi. Prokarioti, kwa upande wake, haina kiini wala vifuko vya namna hiyo. DNA yake imo katika ute wa seli, na kwa bakteria, ukuta kwa kawaida ni wa peptidoglikani.

Panga linapokata muwa, kuta na tando za seli zilizo kwenye jeraha hupasuka, na sukari humwagika. Hapo ndipo bakteria aitwaye Leuconostoc mesenteroides hupata nafasi. Hutoa kimeng'enya kinachoigawa sukari hiyo: fruktosi huwa chakula chake, nayo glukosi huunganishwa kuwa dekstrani, kitu chenye utelezi. Dekstrani huyafanya maji ya muwa kuwa mazito na huzuia sukari kuganda vyema kiwandani. Aidha, seli za muwa zinapokufa, vimeng'enya vyake vyenyewe huendelea kuivunja sukari.

Kutokana na hayo, ni dhahiri kwa nini wataalamu husisitiza muwa usagwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24 baada ya kukatwa. Hali kadhalika, muwa uliochomwa moto huharibika upesi zaidi, kwa kuwa joto huua seli na kupasua tando zake. Vipande vifupi navyo vina majeraha mengi kuliko shina refu. Mkulima anayeharakisha muwa wake kiwandani huwahi kabla bakteria hawajaifikia sukari ambayo utando uliilinda shambani kwa miezi mingi.