Lenzi ya bei nafuu: Mpiga picha wa Ipinda apige hesabu kabla ya kutoa fedha

BIASHARA ya picha katika mji mdogo wa Ipinda, wilayani Kyela, ina msimu wake kama ulivyo mpunga. Mavuno yakishaingia ghalani na fedha za kakao zikishalipwa, ndipo harusi na kipaimara hufuatana, na mpiga picha naye hupata riziki yake.

Anayejikakamua kununua kamera ya kisasa isiyo na kioo ndani, yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 ambayo mafundi huiita fulu fremu, mara nyingi hubaki na lenzi ya kuvuta iliyokuja nayo. Mchana pale ufukweni Matema inatosha kabisa. Shida huanza usiku ukumbini, taa zikiwa mbili tatu na jenereta linasuasua.

Hapo ndipo lenzi isiyovuta, ya milimita 50 au 40, inapolipa. Lenzi nyingi za kuvuta za bei ndogo hufunguka mwisho f/4, na ukivuta hupungua zaidi. Ya milimita 50 hufunguka hadi f/1.8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, na tofauti hiyo huingiza mwanga karibu mara tano. Picha iliyohitaji sehemu moja ya 30 ya sekunde, ambayo bibi harusi akicheza hutoka kama moshi, sasa itapigwa kwa sehemu moja ya 150. Lakini flashi usiitupe. Ukoo mzima ukijipanga safu tatu, f/1.8 italenga safu moja na kuziacha nyingine zimefifia.

Sasa bei. Canon ilitoa RF 50mm f/1.8 mwaka 2020 kwa dola 200 hivi za Marekani, nayo ina uzito wa gramu 160 tu. Sony FE 50mm f/1.8 ya mwaka 2016 ilianza kwa dola 250. Picha zake ni nzuri ingawa hulenga polepole. Kwa Nikon kuna mtego: Z 50mm f/1.8 S ni lenzi bora sana, lakini ilitoka kwa dola 600, wakati Z 40mm f/2 ya mwaka 2021 ilitoka kwa dola 300. Hizo ni bei za huko Marekani zilipotoka. Ikifika Kariakoo imeshaongezewa usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Je, ubora wa ile ya dola 600 mteja atauona? Picha ya sentimita 10 kwa 15, ambayo wateja wengi huchukua, inahitaji nukta zisizozidi milioni mbili na ushee ili isafishwe vizuri. Kamera yenyewe ina nukta milioni 24. Ukali wa ziada unaishia kwenye kompyuta yako, haufiki albamu ya mteja.

Tuseme lenzi imekufikia kwa Sh600,000, na kila sherehe ya usiku inakuongezea Sh15,000 baada ya gharama. Unahitaji sherehe 40. Ukipata 20 kwa mwaka, ni miaka miwili. Lenzi ya bei maradufu ni miaka minne, na hakuna mwenye harusi atakayekulipa zaidi kwa ajili hiyo. Kwa sababu hiyo mkopo wa marejesho ya kila wiki haufai kabisa kwa kifaa hiki, maana fedha za Ipinda huja kwa msimu.

Mitumba nayo ipo. Lenzi ya zamani ya Canon, EF 50mm f/1.8, hulenga yenyewe vizuri kwenye kamera mpya kwa kutumia adapta, ila bei ya adapta iingie kwenye hesabu. Za Nikon zenye herufi AF-D hazilengi zenyewe kupitia adapta yao ya FTZ. Utazungusha kwa mkono huku maharusi wanakata keki.

Kabla ya kulipia mtumba, imulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache hata kama bei ni ya kutupa.

Kuvu ndiyo gharama ambayo wauzaji hawaitaji, na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini. Kati ya Machi na Mei unyevu hauishi. Usiifungie lenzi kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara. Wapo wanaotumia mchele. Mchele wetu una vumbi. Ubaki kwenye sufuria.