Banda la Uani Nalo Lataka Kibali

Wengi wetu hapa Pwani twadhani kibali cha ujenzi ni cha wenye maghorofa. Jiko la nje, stoo, banda la mbuzi au chumba kimoja cha kupangisha, mtu humwita fundi Jumamosi na kufikia Jumatatu ukuta ushasimama. Sheria haioni hivyo.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yasema hakuna kujenga, wala kubadilisha matumizi ya jengo, bila idhini ya serikali ya kaunti. Anayekiuka aweza kupigwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au yote mawili.

Kisha kuna suala la mpaka. Ukuta wa banda haukai juu ya mstari wa bikoni. Lazima uachwe nafasi. Kipimo chake hutegemea eneo na aina ya jengo, kwa hivyo uliza kaunti kabla ya kuchimba msingi. Nafasi hiyo si hasara. Hapo ndipo hewa na mwanga hupita, maji ya paa lako humwagika kwako badala ya kwa jirani, na moto wa makuti hukosa pa kurukia.

Wako wasemao, mbona wazee wetu Lamu walijenga nyumba zikashikana, hata wakapitisha wikio juu ya njia? Ni kweli, lakini mambo hayo yalikwenda kwa maafikiano, aghalabu baina ya jamaa. Na leo Mji wa Kale wa Lamu, ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, una masharti zaidi, si pungufu.

Basi ufanyeje? Mwite mpima ardhi akuonyeshe bikoni, chorewa ramani na mtaalamu aliyesajiliwa, kisha peleka ombi. Mwenye nyumba bila ardhi, kama walivyo wengi Mombasa, aanze kwa kupata ridhaa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Tunza risiti yenye tarehe: zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, sheria huhesabu umekubaliwa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango.

Na kabla ya yote, mwonyeshe jirani ile ramani. Futi mbili za uani zishawapeleka ndugu wengi kortini.