Fahamu: Mti upi upande kwenye kiwanja chako mjini?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali kufikisha angalau asilimia 10 ya ardhi iliyofunikwa na miti. Desemba 2022 lengo lilipandishwa hadi asilimia 30 ifikapo 2032, kwa miti bilioni 15. Takwimu tamu. Ila kinachopimwa ni eneo linalofunikwa na majani, si hesabu ya mashimo yaliyochimbwa siku ya sherehe.

Ndiyo maana umbo la mti ni muhimu. Mwashoki mwembamba hupendezesha lango, lakini kivuli chake hakimtoshi hata bawabu. Mwembe mmoja uliotanda huishinda safu nzima ya miashoki.

Mkaratusi nao hukua haraka, na hunywa maji kwa pupa. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito. Kwenye kiwanja kidogo usiuguse.

Kabla ya kununua mche, tazama juu: kuna nyaya za umeme? Tazama chini: mabomba yamepita wapi? Miti ya jamii ya mikuyu ina mizizi inayoweza kupasua sakafu na kuziba mitaro, basi ikae mbali na nyumba. Nafasi ikiwa finyu, mpera unatosha. Pwani, mwarobaini na mkwaju huvumilia ukame. Nyanda za juu, jaribu mringaringa.

Wizara ya mazingira ina programu ya simu, JazaMiti, inayopendekeza miti kulingana na eneo. Ifungue kabla ya kwenda kitaluni.