Turlough O'Carolan: Kweli na Uzushi

Turlough O'Carolan, mpiga kinubi na mtunzi wa Ireland, aliishi kati ya 1670 na 1738. Tungo zake zaidi ya 200 zimetufikia, na hadi leo zinapigwa harusini na majukwaani. Sifa hiyo imezaa uzushi mwingi, na ubaya wa uzushi huo ni kwamba unamnyima mtunzi jasho lake: anabaki kipofu wa ajabu aliyejaliwa tu, si mtu aliyejifunza kazi na kuifanya. Tuyapime madai sita.

1. Alizaliwa kipofu.
SI KWELI. Alizaliwa akiona, karibu na Nobber katika kaunti ya Meath. Ndui ndiyo iliyompofusha, akiwa na miaka 18 hivi. Wakati huo familia yake ilikuwa imehamia upande wa magharibi, ambako baba yake aliajiriwa na ukoo wa MacDermott Roe. Mama mwenye nyumba ya ukoo huo alimgharamia masomo ya kinubi kwa miaka mitatu, kisha akampa farasi, mtu wa kumwongoza njia na fedha za kuanzia maisha.

2. Alivuma kwa ufundi wa vidole.
SI KWELI. Wapiga vinubi wa zama zile walianza utotoni. Yeye alichelewa, na walikuwapo waliomzidi kwa upigaji. Inasimuliwa kwamba George Reynolds wa Leitrim, mmoja wa wenyeji wake wa kwanza, alimshauri ajaribu kutunga. Alitunga Sí Bheag, Sí Mhór, na tangu hapo utunzi ndio uliombeba.

3. Alikuwa ombaomba wa barabarani.
SI KWELI. Alisafiri maisha yake yote, lakini alifikia kwenye majumba ya wenye ardhi na kupokewa kwa heshima. Alilipa ukarimu huo kwa tungo zenye majina ya wenyeji wake: Planxty Irwin, Fanny Power, Lord Inchiquin. Tukumbuke zama zenyewe. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1691, koo nyingi za Kikatoliki zilinyang'anywa ardhi, na pamoja nazo wasanii wakapoteza wafadhili. O'Carolan aliwatungia Wakatoliki na Waprotestanti vilevile. Hiyo ilikuwa busara ya mtu anayejua kazi yake inalipiwa na nani.

4. Muziki wake ni wa Ireland mtupu.
SI KWELI. Katika majumba hayo, na mjini Dublin, alisikia muziki mpya wa Italia, na aliupenda, hasa wa mtunzi Corelli. Sikiliza Carolan's Concerto: sauti zinapanda na kushuka kwa mfuatano wa Kiitaliano, lakini roho yake ni ya kwao. Aliazima bila kujipoteza.

5. Alitunga muziki kwanza, maneno baadaye.
KWELI. Desturi ilikuwa shairi litangulie, muziki ulifuate. Yeye aligeuza utaratibu huo. Pengine ndiyo sababu tungo zake zinasimama zenyewe bila mwimbaji, na maneno ya nyingi kati yazo yamepotea pasipo muziki kudhurika.

6. Tunamsikia leo kama alivyosikika enzi zake.
SI KWELI. Vinubi vya zama zake vilikuwa na nyuzi za metali, na mafundi wa zamani walivipiga kwa kucha ndefu. Mlio ulikuwa mkali kama kengele na ulikawia kufifia. Vinubi vingi vya leo vina nyuzi za utumbo au nailoni. Zaidi ya hapo, tungo zake nyingi ziliandikwa sauti ya juu peke yake. Besi unayoisikia imewekwa na wengine. Katika miaka ya 1960, mwanamuziki wa Ireland Seán Ó Riada, aliyezirudisha tungo hizi kwa wasikilizaji wengi, alitumia hapsikodi, kinanda cha nyuzi, kwa sababu aliona inakaribia mlio wa kinubi cha kale.

Kwa hiyo tusiuite muziki huu wa asili kana kwamba uliota wenyewe ardhini. Una mwenyewe, aliyesoma kwa miaka mitatu gizani na kusafiri miongo kadhaa akitafuta riziki kwa muziki huo. Anayezipiga tungo hizi na alitaje jina la O'Carolan.