Kulegea si Kulala: Istilahi Tatu za Dawa za Mifugo

Katika Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazomkutanisha mfugaji na daktari wa mifugo. Tukisema "dawa ya usingizi" tu, tunachanganya mambo matatu yanayopaswa kutenganishwa.

Kwanza ni dawa ya ganzi, kwa mfano lignokaini. Huondoa maumivu mahali ilipodungwa, na ng'ombe hubaki macho. Pili ni nusukaputi, ambayo huondoa fahamu. Tatu ni dawa ya kulegeza misuli. Aina inayozuia amri ya neva kufika kwenye misuli, kama atrakuriamu, haiondoi maumivu wala fahamu. Mnyama hutulia tuli, kumbe anasikia kisu.

Dawa hizi zikikutana huathiriana. Ketamini peke yake hukakamaza misuli. Ikiambatana na zailazini, inayotuliza na kulegeza kupitia ubongo, ketamini kidogo hutosha. Hata hivyo, ng'ombe huhitaji takriban 1/10 tu ya kiasi cha zailazini apewacho farasi. Nusukaputi ya kuvuta, kama isoflureni, huiongezea nguvu atrakuriamu. Kwa hiyo kipimo hupunguzwa, na mnyama husaidiwa kupumua, maana misuli ya pumzi nayo hulegea.

Hivyo basi, mfasiri akiandika "amelala" mahali pa "amelegea", anaficha maumivu ya mnyama. Tunapendekeza istilahi hizi zifundishwe pamoja: ganzi, nusukaputi na kilegeza-misuli.